Kamera ya Mtumba na Ngoma ya Jembe

Tumezoea mtumba wa nguo, wa viatu, wa friji na wa magari kutoka Japani. Mtumba wa kamera hausemwi sana, ila upo, na una kalenda yake. Kalenda hiyo ni Olimpiki. Watengenezaji wakubwa hupenda kutoa mashine zao bora karibu na michezo hiyo, wapiga picha wa magazeti na mashirika ya habari wanabadilisha vifaa, na vile vya zamani vinaanza safari ndefu ya kushuka bei. Athens 2004 iliacha mzigo wake. Nikon D3 iliyotoka mwaka 2007 ilijaa Beijing mwaka uliofuata, nayo leo ni mtumba. Ya London 2012 nayo inaelekea hukohuko. Sisi tulio Bariadi tunasubiri chini ya ngazi.

Yangu ni Canon EOS-1D Mark II, ya mwaka wa Athens. Ilipotoka iliuzwa dola zipatazo 4,500 bila lenzi. Mimi niliinunua Dar es Salaam kwa shilingi 450,000, raba imebanduka ubavuni, na mahali palipokuwa na kibandiko cha mali ya ofisi ya mtu pamekwanguliwa pakabaki gundi. Lenzi, 70-200 ya f/2.8, ilinila zaidi ya mara mbili ya bei ya kamera yenyewe. Na ndivyo inavyotakiwa. Mashine inazeeka haraka, kioo kizuri hakina haraka hiyo.

Ina megapikseli 8.2. Simu ya kijana wa bodaboda anayenibeba kwenda kazini inatangaza 50. Kioo chake cha nyuma ni cha inchi mbili, kidogo kuliko kiberiti, na ukitaka kuangalia picha uliyopiga lazima ushikilie kitufe kwa mkono mmoja huku unazungusha gurudumu kwa mwingine, kama mtu anayefungua kufuli la baiskeli. Haina video. Haina intaneti. Pamoja na lenzi na betri ni karibu kilo tatu, na ikining'inia shingoni kuanzia asubuhi hadi magharibi, kesho yake unageuka kitandani kwa hesabu. Ila inapiga picha nane na nusu kwa sekunde, inaweza kwenda hadi picha 40 za JPEG mfululizo kabla haijaomba kupumua, na ukibonyeza inaitika papo hapo. Hilo la mwisho ndilo ninalolipia. Simu nyingi zinaitika pale zinapojisikia.

Niseme mapema kwamba sina mapenzi na uzee wa mashine. Wapo wapiga picha, hata hapa Kanda ya Ziwa, wanaokwambia kamera za zamani zina roho, rangi zake ni za kipekee, za siku hizi ni plastiki. Mimi ukinipa ya mwaka huu nitapokea kwa mikono miwili na hii nitaiuza kabla jua halijazama. Natumia ya 2004 kwa sababu ndiyo niliyoweza kununua. Kinachonishangaza ni jinsi inavyofaa kwa kazi za huku, tena kwa kazi moja hasa, ambayo waliokuwa Athens hawakuiona.

Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Watu wa mbali wanatujua kwa pamba, au kwa Nane Nane ya kitaifa iliyofanyika Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020. Kazi za mpiga picha ni zilezile za kila mkoa: harusi, mahafali, kipaimara, picha za pasipoti. Zipo mechi kwenye uwanja wa Halmashauri, zipo mbio za baiskeli, na Msukuma kwenye baiskeli ni jambo la kuangalia, nisikuchoshe. Lakini pamba ikishauzwa na ghala zikiwa na mahindi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, ndipo ngoma zinapotoka. Hapo ndipo kamera yangu inapopata kazi ya hadhi yake.

Asiyezijua ngoma za mashindano za Wasukuma ajue kwanza kwamba kuna pande mbili, Wagika na Wagalu. Majina hayo, wazee wanasema, yanatokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa ngoma hadi wafuasi wao wakawa kambi. Mtu anazaliwa kwenye upande kama anavyozaliwa kwenye ukoo, au anaingizwa. Siku ya mashindano vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja kwenye duara lake. Na mshindi? Kwa utaratibu wa asili mshindi ni mwenye watu wengi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu. Upande huu ukifanya kitu cha ajabu, utaona umati wa upande wa pili unaanza kumomonyoka pembeni, mmoja, wawili, watoto kwanza, kisha kundi zima linakimbia na vumbi nyuma yake. Ndiyo maana kuna wanaoleta chatu, kuna wanaocheza na nungunungu, kuna vichekesho, kuna sanamu za mbao zinazofanya mambo ambayo sitayaandika hapa. Na kuna dawa ya kuvuta watu, hiyo kila manju anaikana na kila manju anasemwa anayo.

Sasa mpiga picha anasimama wapi?

Swali hili si la ufundi tu. Nikisimama kwenye duara la Wagika nikapiga picha, nimekuwa mtu mmoja wa Wagika. Tena si mtu mmoja wa kawaida. Ukitokea na dude jeusi lenye lenzi kama bomba la maji, watu wanadhani televisheni imekuja, na wanakimbilia unakoelekeza. Mara ya kwanza nilipofika na kamera hii kwenye ngoma ya kijiji kimoja kando ya barabara ya Lamadi, mzee wa Wagalu aliniita pembeni kwa upole wote. "Ng'wanawane," akaniambia, "hiyo mashine yako ni dawa. Ama uitumie kwa wote ama uifunike."

Tangu siku hiyo natafuta katikati. Kwenye viwanja vyetu katikati mara nyingi pana trela la trekta, lori la pamba lililoegeshwa, au kichuguu. Napanda hapo. Niko juu ya vichwa vya watu, mbali kidogo na duara zote mbili, na sihesabiki kokote. Hapo ndipo lenzi ndefu inapolipa deni lake. Kamera hii ina sensa (siyo ile ya watu na makazi) ndogo kidogo kuliko filamu ya kawaida, kwa hiyo 200 ya lenzi inavuta kama 260. Simu hailiwezi jambo hilo. Inabidi uingie ndani ya duara, na ukiingia umeshachagua upande.

Mwanga wa huku ni wa bure na ni mwingi kupita kiasi. Saa tisa alasiri ya mwezi wa Julai naweka ISO 200, lenzi f/4, kasi ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na bado mwanga unabaki. Watu wa Ulaya waliotumia mashine hii kwenye kumbi na viwanja vya usiku walilia na ISO. Mimi mchana sijui kilio hicho. Kilio changu ni kingine. Jua la utosini, mchezaji mweusi, kofia ya manyoya, na nyuma yake anga jeupe: sensa ya umri huu haina upana wa kubeba vyote. Lazima uchague, na mimi siku zote nachagua uso. Anga liungue, hakuna aliyenilipa kwa ajili ya anga.

Vumbi nalo lina adabu zake. Miguu mia mbili ikikanyaga ardhi kavu, vumbi linapanda hadi kwenye trela, na mashine hii haina ule mtikisiko wa kujipangusa uliokuja kwenye kamera za baadaye. Nina pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, na nina sheria moja: lenzi haitoki kwenye kamera hadi nimefika nyumbani. Punje zinazoingia huonekana ukifunga tundu la lenzi hadi f/11 au f/16. Ukibaki f/4 hazionekani kwa macho, na kwa kuwa ngoma inataka kasi, mimi nabaki f/4.

Ngoma ninayoipenda kuipiga ni bugobogobo, ngoma ya jembe, iliyotokana na watu kulima pamoja kwa kufuata mdundo. Wachezaji wanarusha majembe juu, yanazunguka hewani, wanayadaka na kuendelea bila kukosa hatua. Kwa elfu moja ya sekunde jembe linaganda angani kama limetundikwa kwenye msumari. Kwa sehemu ya 250 ncha yake inafifia kidogo, mtu akiona anajua linazunguka. Napenda ya pili. Wateja wanapenda ya kwanza, hasa ikiwa na jasho linaloruka.

Kijana anayenisaidia kubeba begi aliwahi kuniuliza kwa nini sibonyezi tu tangu mwanzo hadi mwisho, si inapiga nane kwa sekunde? Nilimwambia ahesabu. Picha 40 ni sekunde tano hazifiki. Zikijaa, mashine inasimama kuandika kwenye kadi, kadi yenyewe ni zile pana za zamani ambazo hata Mwanza unazitafuta kwa tochi, na jembe halimsubiri mtu. Kwa hiyo unasikiliza. Jembe halirushwi ovyo. Ngoma kubwa inatoa taarifa, mabega yanashuka, magoti yanakunjwa, halafu ndiyo linapaa. Ukibonyeza magoti yanapokunjwa unalo. Ukibonyeza ulipoliona hewani, unapiga picha ya mtu akidaka. Fokasi nimeihamishia kwenye kitufe chenye nyota, kidole gumba kinamfuata mchezaji muda wote, cha shahada kinasubiri ngoma. Nilimwambia pia kwamba Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika tatu na sekunde 32.16, waliokuwa pembeni ya uwanja walikuwa na filamu za picha 36. Akaniuliza Bayi ni nani. Nikaweka begi chini tukaongea hilo kwanza.

Jioni ndipo umri wa mashine unapoonekana. Mashindano yananoga jua likishapoa, na huku kwetu jua likianza kuondoka haliagi. Saa kumi na mbili unafanya kazi, kufika saa moja kasoro robo umepandisha ISO hadi 1600, umefungua lenzi hadi f/2.8, kasi imeshuka hadi sehemu ya 125, na kila anayeruka ni moshi. Ipo 3200, lakini picha zake ni kama zimenyunyiziwa pumba. Rafiki yangu wa Mwanza mwenye Nikon D3, iliyozaliwa miaka mitatu tu baada ya yangu, anaendelea kupiga nusu saa nzima baada ya mimi kufunga begi. Namwonea wivu, sifichi.

Betri nazo ni hadithi. Ni za aina ya nikeli, ndefu, nzito. Betri yoyote ya aina hiyo ikifika umri huu inajaa kwenye chaja na kuisha kwenye begi. Mpya halisi ni tabu kuipata. Niliipeleka kwa fundi redio hapa mjini. Aliizungusha mkononi, akasoma volti 12 ubavuni, akasema, "Humu ndani kuna seli kumi za volti moja nukta mbili, hakuna mchawi." Akaipasua kwa kisu, kweli zilikuwa kumi. Akazitoa, akalehemu nyingine, akafunga kwa gundi na utepe mweusi. Inapiga siku nzima. Chaja ina kitufe cha kuinyonya betri yote kabla ya kuijaza upya, kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika katikati unaanza tena.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Msimu wa mwaka juzi nilipiga kikundi kimoja cha jembe mara tatu. Manju wao alikuwa kijana bado, miaka thelathini na kitu, sauti yake ilifika kwenye trela kabla ya ngoma. Alikuwa mtu asiyesimama. Ukimwambia "kaka, tulia nikupige moja", anacheka na kuruka. Siku moja alikuja upande wetu kabisa, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye trela, akarusha jembe, nami nikamfuata kwa kamera iliyosimama wima, picha kumi na moja. Niliuza moja, ile ya nne, jembe likiwa juu kabisa, mdomo wazi, shingo imetoka mishipa. Kikundi waliiweka kwenye WhatsApp zao wote.

Alifariki Februari iliyofuata, kwa ugonjwa wa siku chache. Mama yake mzazi alifika kwangu na mjomba wa marehemu, jioni, mazishi yakiwa kesho. Walitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kitambulisho kilikuwa kimefutika uso. Kwenye simu zilikuwepo picha za makundi, usiku, macho mekundu. Walikuwa na ile ya kwangu, ya mdomo wazi.

"Mwanangu," mama alisema, "hii naipenda, lakini mtu hazikwi anapiga kelele."

Tulikaa kwenye benchi la studio, nikazifungua zote kumi na moja kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Kwenye ya kwanza anaimba. Ya pili anaimba. Ya tatu, ya nne, ya tano, mdomo uko wazi kwa namna tano. Anayeimba lazima avute pumzi, na pumzi ya manju mwenye kifua kama kile haizidi kitambo kidogo sana. Ipo kwenye picha ya sita. Mdomo umefungwa. Uso umetulia kabisa, hakuna mshipa, macho yameinuka kidogo. Kwenye ya saba anaimba tena. Picha nane kwa sekunde: kwa mashine yenye kasi ya tatu au nne, pumzi ile ingeangukia katikati ya picha mbili, na kwa jicho langu sikuiona kabisa siku ile.

Nilikata kichwa na mabega. Kwenye megapikseli 8.2, kipande hicho kilikuwa na pikseli 800 hivi kwa upana. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni takriban nukta 100 kwa inchi, na picha nzuri ya kusafisha tunaitaka 300. Hapa ndipo simu ya bodaboda ingenicheka, kama ingekuwa imesimama hatua kumi na tano na ikamvuta mtu bila kumgeuza uji. Ukiishika mkononi, ngozi ya shavu imelainika mno na kingo za sikio zina ngazi. Ukiiweka mezani ukarudi nyuma hatua nne, ni yeye.

Mjomba aliiangalia muda mrefu. "Anaangalia juu," akasema taratibu. "Kama alijua anakokwenda."

Mama akatikisa kichwa. "Anaangalia jembe lake."

Kisha ukaja mjadala wa koti. Mnaojua studio za mikoani mnajua: marehemu anavalishwa suti kwa kompyuta, tai nyekundu, nyuma pazia la bluu. Mjomba alitaka suti, ukoo wenye heshima hauzikwi kifua wazi na shanga. Mama hakusema neno. Niliifanya kama mjomba alivyotaka, koti jeusi, shati jeupe, kola ikafunika mishipa ya shingo iliyobaki, nikasafisha mbili za A4 na postikadi ishirini. Sikutoza za postikadi. Walipokuwa wanaondoka mama alirudi peke yake mlangoni, akaomba ile ya sita nzima, isiyokatwa, yenye shanga na mikono. "Wabeja, mwanangu," akasema, akaikunja ndani ya khanga kabla mjomba hajageuka.

Kesho yake nilikuwepo. Waliokuja walikuwa wengi kiasi kwamba pande zote mbili, Wagika na Wagalu, zilichanganyika uani na hakuna aliyehesabu. Mbele ya jeneza, kwenye fremu ya kioo, alikuwa mtu wa koti na tai, mdomo umefungwa, macho yanafuata kitu kilicho juu ya ukingo wa picha. Wachezaji wenzake walipita kuaga mmoja mmoja. Wa tatu au wa nne, msichana aliyekuwa akicheza mstari wa pili, alisimama mbele ya fremu, akaangalia macho yale, kisha mkono wake wa kulia ukainuka hadi usawa wa bega, kiganja wazi, akaushusha, akaendelea na mstari.